Pipi 14 na Moyo wa Mtu Mwingine

Hotuba hii niliitoa Jumamosi mchana kwa wanafunzi wa uuguzi na famasia, pamoja na wagonjwa wetu waliopandikizwa figo na ndugu zao. Waliokosa wameniomba niiweke yote. Picha za ukutani nimeziacha, maneno yanatosha.

Mwenyekiti wa kikao, walimu wangu, wazee wangu mlioketi mbele, shikamooni. Wanangu wanafunzi, hamjambo. Asalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe, na ambaye sijamfikia kwa salamu hizo, habari za mchana. Itifaki imezingatiwa.

Jumamosi iliyopita kila mwanafunzi aliyemo humu alipewa pakiti ya pipi 14. Masharti mliyasikia: moja saa mbili asubuhi, moja saa mbili usiku, kwa siku saba. Si saa mbili na nusu. Si “nikikumbuka”. Pipi ni tamu, ya bure, haileti kichefuchefu, haitetemeshi mikono. Sasa naomba, bila aibu, ambaye hakukosa hata moja na hakuchelewa hata mara moja anyooshe mkono juu.

Tisa. Nimehesabu mara mbili. Humu mna wanafunzi zaidi ya sitini, mikono ni tisa.

Wewe uliyecheka kule nyuma, cheka tu. Mimi mwenyewe zoezi hili lilinishinda siku ya tatu, na mimi ni mfamasia, saa ninayo mkononi. Basi pakiti zenu ziwekeni mapajani, tutazirudia. Nimekuja kuzungumza juu ya moyo: moyo wa mtu mwingine ukishaingia kifuani mwako, mwili wako unaufanya nini, na sisi tunauzuiaje.

Mtaniuliza, mama, hapa kwetu tunapandikiza figo, moyo bado, mbona unatupeleka mbali? Kwanza, dawa ni zilezile. Mzee wetu yule wa koti la kijivu, mwenye figo aliyopewa na mdogo wake, anameza dawa zilezile anazomeza mtu wa Cape Town mwenye moyo mpya. Kinachotofautiana ni kiasi. Pili, figo ikikataliwa kuna mashine ya kusafisha damu, mtu anarudi foleni anasubiri. Moyo ukikataliwa, mtu anasubiria wapi? Nchi zenye uwezo zina pampu za kumshikilia kwa muda. Wengine hawana pa kusubiria. Ndiyo maana waliojifunza somo hili kwa uchungu zaidi ni watu wa moyo, na sisi wa figo tunakula matunda ya uchungu wao.

Twendeni Cape Town, Hospitali ya Groote Schuur, mlimani. Desemba 1967. Binti wa miaka 25, Denise Darvall, alikuwa ametoka kununua keki pamoja na mama yake. Wakivuka barabara, gari likawagonga. Mama alifariki palepale. Binti akafikishwa hospitali, ubongo umekwisha kuharibika, moyo bado unapiga. Madaktari wakamwendea baba, Edward Darvall, ambaye mchana ule ule amempoteza mke, wakamwomba moyo wa bintiye. Aliomba dakika chache za kufikiri. Akakubali.

Alfajiri ya tarehe 3, Christiaan Barnard na timu yake wakauweka moyo ule kifuani mwa Louis Washkansky, mwenye duka la vyakula, ambaye moyo wake ulikuwa umechoka kabisa. Dunia nzima ikasimama kutazama. Na upasuaji ulifaulu. Mnanisikia? Ulifaulu. Moyo ukapiga, mgonjwa akaamka, akaongea, akataniana na wauguzi.

Siku ya 18 akafa.

Alikufa na nini? Si moyo. Moyo wa Denise ulipiga vizuri hadi mwisho. Alikufa na nimonia. Kwa kuogopa mwili usije ukaukataa moyo, alipewa vitu vya kushusha kinga vya wakati ule: azathioprini, steroidi kwa wingi, na mionzi juu yake. Kivuli kilipoanza kuonekana kwenye mapafu, kwanza wakadhani ndiyo kukataliwa kwenyewe kumeanza, wakaongeza dawa. Kumbe ni bakteria, na askari wa kuwazuia wameshanyang'anywa silaha na daktari mwenyewe.

Simsemi Barnard vibaya. Ningekuwa mimi mwaka 1967, pengine ningeongeza pia.

Mwezi haujatimia vizuri, tarehe 2 Januari 1968, wakajaribu tena. Safari hii mgonjwa ni Philip Blaiberg, daktari wa meno, Mzungu. Moyo ulitoka kwa Clive Haupt, kijana wa miaka 24, ambaye kwa sheria za ubaguzi za Afrika Kusini ya siku zile aliandikwa chotara. Watu hawa wawili hawakuruhusiwa kukalia benchi moja la kusubiria basi. Moyo mmoja ukawafaa wote wawili. Blaiberg alitoka hospitali kwa miguu yake, akarudi kwake, akaenda hata kuogelea baharini. Akaishi miezi 19. Alipofariki Agosti 1969 na mwili kufanyiwa uchunguzi, mishipa inayolisha moyo ule, moyo wa kijana, ilikutwa imeziba na kukakamaa kama ya mzee aliyekula nyama ya mafuta miaka 70.

Hiyo nayo ni kukataliwa. Ila ni kule kwa polepole, kusikopiga kelele.

Sasa tazameni mlivyo na watu wawili mbele yenu. Mmoja kinga yake ilishushwa mno, bakteria wakammaliza. Mwingine kinga yake ilikuwa inafanya kazi kichinichini miezi yote ile, ikamziba mishipa. Kazi yote ninayowaeleza leo, dawa zote, vipimo vyote, ni kumpitisha mtu katikati ya Washkansky na Blaiberg. Njia yenyewe ni nyembamba, na anaipita kila siku ya maisha yake, asubuhi na usiku.

Mwaka ule wa 1968 mioyo kama 100 ilipandikizwa duniani, kila hospitali kubwa ikitaka jina lake magazetini. Wagonjwa wengi hawakumaliza mwaka. Hospitali moja baada ya nyingine ikaacha. Wachache waliendelea, akiwemo Norman Shumway wa Stanford, Marekani, mtu ambaye ndiye hasa aliyebuni na kuikamilisha ile namna ya kushona, akifanya mazoezi kwa mbwa miaka mingi kabla ya Barnard kushika kisu. Ufundi wa kushona ulikuwapo tayari. Kilichokosekana ni namna ya kuelewana na kinga.

Kinga ni nini? Wazee wangu, nyie mnaijua vizuri kuliko mnavyodhani. Mnawakumbuka sungusungu? Kijiji kinalala, wao wanazunguka na rungu na filimbi. Mgeni akiingia, kwanza anaulizwa: wewe ni nani, umetoka wapi, kitambulisho chako kiko wapi? Sisi tuna methali, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mwili hauna subira hiyo, wala haugawi majembe.

Kila seli ya mwili wako imebeba kitambulisho juu ya ngozi yake. Tuseme namba ya NIDA. Nusu ya namba umerithi kwa baba, nusu kwa mama. Mfaransa Jean Dausset ndiye aliyeeleza alama ya kwanza ya aina hiyo, mwaka 1958, akapata tuzo ya Nobel mwaka 1980. Ndugu wa tumbo moja wanaweza kushabihiana kwa namba hizo au wasishabihiane kabisa. Pacha wa kufanana, namba ni moja. Ndiyo maana figo ya kwanza kufaulu kweli, Boston, tarehe 23 Desemba 1954, ilitoka kwa Ronald Herrick kwenda kwa Richard Herrick, pacha wake. Sungusungu wa Richard walisoma kitambulisho wakaona ni mwenyeji, wakaendelea na doria. Richard akaishi miaka minane zaidi, akamwoa muuguzi aliyemhudumia. Wauguzi, naona mmefurahi.

Lakini pacha wa moyo utampata wapi? Aliye hai hatoi moyo.

Tena sungusungu hawa hawasahau. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Peter Medawar, ambaye baadaye alipata Nobel, alifanya kazi Glasgow na daktari wa upasuaji, Thomas Gibson. Kulikuwa na mama kijana ameungua vibaya. Wakambandika vipande vya ngozi yake mwenyewe na vipande vya ngozi ya kaka yake. Vya kwake vilishika. Vya kaka vikakaa kidogo, vikaharibika. Wakambandika vya kaka mara ya pili. Safari hii viliharibika upesi zaidi. Mnaona? Mwili uliiweka ile sura kichwani. Mara ya pili haukuhitaji kuuliza.

Ndiyo sababu, mama zangu, kabla ya kupandikizwa utaulizwa maswali unayoyaona ya kichokozi: umezaa mara ngapi, mimba ngapi zimeharibika, umeongezewa damu lini. Si umbea. Kila mimba ina nusu ya kitambulisho cha baba yake, na kila chupa ya damu ina vitambulisho vya mtu baki, na mwili wako huenda umeshatengeneza kingamwili, yaani silaha za kinga, dhidi yake. Mama wa watoto watano anaweza kuwa na kingamwili zinazongoja moyo wa mtu asiyemjua kabisa. Wakiuweka bila kupima, moyo unaweza kuvimba na kubadilika rangi ndani ya dakika au saa chache, kifua kikiwa bado wazi. Kwa hiyo makundi ya damu yaoane, na kingamwili za mpokeaji zipimwe mapema na kulinganishwa na alama za mtoaji. Kwa figo tunaweza kutafuta aliyelingana zaidi, muda upo. Moyo ukishatoka kifuani na kuwekwa kwenye barafu, unataka uwe umeanza kupiga ndani ya kama saa nne. Huwezi kukaa unachagua kitambaa.

Baada ya hapo ndiyo dawa. Wengi wenu famasia mnazikariri kwa majina, mimi nataka mzione kazini. Seli T, mmoja wa sungusungu wa mwili, inapokutana na kitambulisho kigeni hupuliza filimbi. Filimbi yenyewe ni protini inayoitwa intalukini 2, nayo huita wenzake na kuwaambia wazaane. Takrolimusi, na nduguye mkubwa siklosporini, huziba ile filimbi. Sungusungu amemwona mgeni, ameshika filimbi, anapuliza, haitoi sauti. Mikofenoleti inafunga ofisi ya kuandikisha sungusungu wapya, wasizaane. Prednisoloni ni kama mwenyekiti wa kijiji anayepita akiwaambia wote walale. Yenyewe haichagui, ndiyo maana ina nguvu na ndiyo maana ina madhara mengi: mashavu kuvimba, sukari kupanda, mifupa kudhoofika. Taratibu hupunguzwa, wengine huachishwa kabisa.

Mnajua siklosporini ilitoka wapi? Hapa naomba mnivumilie, naipenda hadithi hii. Kampuni ya Sandoz ya Basel, Uswisi, iliwataka wafanyakazi wake wakisafiri wachote udongo kidogo kwenye mfuko warudi nao. Walikuwa wanatafuta dawa za fangasi. Mwaka 1969 mmoja akaenda likizo Norwei, kwenye nyanda za juu za Hardangervidda, akachota. Ndani ya udongo ule wakakuta kuvu anayetoa kitu fulani. Kama dawa ya fangasi hakikuwa cha maana sana. Mtu mwingine angetupa. Lakini mwaka 1972 Jean-François Borel na wenzake wakaona kwamba panya waliopewa kitu kile kinga yao inashuka, na uboho wao hauuawi kama dawa za zamani zilivyouua. Mwaka 1978 Roy Calne akawapa wagonjwa wa figo kule Cambridge. Mwishoni mwa mwaka 1980 Stanford wakaanza kuwapa watu wa moyo. Mwaka 1983 Marekani ikaidhinisha. Zile hospitali zilizokuwa zimefunga milango zikaifungua.

Takrolimusi nayo ni udongo: bakteria wa Tsukuba, Japani, mwaka 1984. Sairolimusi, udongo wa kisiwa cha Rapa Nui, katikati ya bahari ya Pasifiki, uliochukuliwa mwaka 1964. Udongo, udongo, udongo. Nikiona mtu anasema dawa za hospitali ni kemikali tupu hazina asili, huwa nacheka peke yangu.

Na dawa hizi zimefanya nini? Mwaka 1982, hospitali ya Harefield, Uingereza, mtu aitwaye John McCafferty alipandikizwa moyo na Magdi Yacoub, Mmisri. Aliambiwa pengine atapata miaka mitano. Alifariki mwaka 2016. Toeni wenyewe.

Sasa niwaambie kosa langu. Sitataja mji wala hospitali, lakini kosa ni langu.

Takrolimusi ni dawa ya mstari mwembamba. Ikipungua kidogo kwenye damu, kiungo kinakataliwa. Ikizidi kidogo, inaharibu figo, inatetemesha mikono, inapandisha presha na sukari. Kwa hiyo tunapima damu, na tunapima asubuhi kabla ya kumeza dozi, dawa ikiwa chini kabisa. Yaani ziwe zimepita saa 12 tangu dozi ya usiku. Nilikuwa kijana, miaka miwili kazini. Baba mmoja wa figo akaja kliniki, nadhifu, shati limenyooka, boksi lake la dawa mkononi. Damu ikatolewa saa tatu. Majibu yakarudi 21. Tulitaka kama 10. Nikaona, baba wa watu huyu anakunywa sumu. Nikamshauri daktari dozi ikatwe nusu, ikakatwa.

Sikumwuliza swali moja. Baba, asubuhi hii umemeza?

Alikuwa amemeza. Saa mbili kamili, kama tulivyomfundisha. Saa mbili kila siku, usichelewe, tulimwambia, naye hakuchelewa hata siku ya kipimo. Ile 21 ilikuwa dawa iko kileleni, saa moja tu baada ya kumezwa. Dozi yake ilikuwa sawasawa, mimi nikaikata. Wiki mbili baadaye kreatinini, uchafu wa damu ambao figo huuondoa, imepanda, miguu imevimba. Akalazwa, akachomwa steroidi za mshipa siku tatu mfululizo. Figo ilirudi. Haikurudi yote.

Aliponiona wodini aliniambia, “Binti yangu, mimi niliwatii.” Hakusema kwa hasira. Tangu siku ile sijawahi kusoma jibu la takrolimusi bila kwanza kuuliza umemeza saa ngapi jana, na leo umemeza au hujameza. Wauguzi mtakaotoa damu, andikeni saa kwenye karatasi. Saa ya dozi na saa ya damu. Namba isiyo na saa haina kazi, itupeni.

Turudi kwa moyo, maana moyo una ujanja ambao figo haina. Figo ikikataliwa, kreatinini inapanda, tunajua. Moyo je?

Nilimfahamu ndugu mmoja aliyepandikizwa moyo nje ya nchi akarudi nyumbani. Nilipomshika mkono mara ya kwanza kumhesabia mapigo, ameketi, ametulia, anakunywa chai, nilipata 104. Nikahesabu upya. 104 ileile. Nikamwambia, kaka, umepanda ngazi? Akacheka, akasema huu wa kwangu ndivyo ulivyo, hauna breki. Na ni kweli. Unapokata moyo kuuhamisha, unakata na mishipa ya fahamu. Ile neva inayoupunguzia moyo kasi haipo tena, kwa hiyo moyo mpya hupiga kati ya 90 na 110 hata ukiwa umelala. Na neva zinazopeleka habari ya maumivu nazo zimekatwa. Mshipa wa moyo ukiziba, wewe na mimi tunashika kifua. Yeye huenda asisikie chochote. Kukataliwa kunaweza kuanza huku mtu anakula, anacheka, anapanga harusi ya mtoto.

Ndiyo maana lazima tuuendee wenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, Stanford, Philip Caves wa Ireland ya Kaskazini aliboresha kifaa chembamba kinachopitishwa kwenye mshipa mkubwa wa shingo hadi ndani ya moyo, upande wa kulia, kikamega vipande vidogo vya nyama, kila kimoja kama nusu ya punje ya mchele. Vinawekwa chini ya darubini: seli nyeupe zimeingia au hazijaingia, nyuzi za moyo zimeumia au bado. Wiki za kwanza ni karibu kila wiki, kisha zinapungua. Mwaka wa kwanza mtu huchukuliwa kinyama zaidi ya mara kumi. Yule kaka alikuwa na kovu dogo shingoni, aliliita stempu ya pasipoti. Siku hizi baadhi ya vituo hupima kwenye damu vipande vya vinasaba vya mtoaji. Moyo ukiumia, vipande hivyo huongezeka. Ni afadhali kwa shingo, lakini kinyama bado ndicho kinachoamua.

Huyo huyo kaka ndiye aliyenifundisha jambo la pili. Alianza kukohoa, akakonda, jasho usiku. Akaenda kituo kimoja karibu na kwake, wakapima makohozi, kifua kikuu. Wakamwuliza kama anatumia dawa nyingine. Akajibu vizuri kabisa: natumia dawa za moyo.

Nyie mkisikia “dawa za moyo” mnaelewa nini? Presha. Hata mimi ningeelewa presha. Wakaandika “presha”, wakamwanzishia dawa za TB, na ndani yake imo rifampisini. Rifampisini ikifika kwenye ini huamsha vimeng'enya vinavyovunja takrolimusi, na huviamsha kweli kweli. Anameza kiasi kilekile, saa ileile, haichelewi, lakini ini linaitafuna kabla haijafika popote. Siku ya kumi na kitu akapiga simu akasema anachoka akipanda kitanda. Tulipopima, dawa karibu haikuwepo kwenye damu. Alipona. Rifampisini ikabadilishwa kwa rifabutini, takrolimusi ikapandishwa, steroidi zikaingia, tukapimana naye kila baada ya siku mbili. Alipona kwa sababu alipiga simu.

Kitabu cha Ulaya kitakupa onyo la balungi, na ni kweli: balungi huzuia vimeng'enya hivyohivyo, dawa inazidi, kwa hiyo mgonjwa asile balungi wala juisi yake. Lakini hapa kwetu balungi si tatizo la kwanza. La kwanza ni TB. Halafu fluconazole ya fangasi na erythromycin ya kifua, ambazo mtu hununua dirishani bila kuulizwa, nazo zinapandisha takrolimusi. Halafu kadi ya njano: chanjo ya homa ya manjano ina virusi hai, mtu wa kinga iliyoshushwa hachomwi, anaandikiwa barua na daktari wake. Mtu wa mpakani anayekushika mkono akisema hupiti bila sindano, onyesha barua. Basi na mitishamba ya kuongeza kinga, jamani. Kuongeza kinga! Mtu ametumia miaka na fedha kuishusha, shangazi anamletea chupa ya kuipandisha. Shangazi ana upendo, mpokee, mshukuru, chupa iweke juu ya kabati.

Wanangu, nchi hii haianzi sifuri. Zaidi ya miaka 20 mnawaona watu wetu wakimeza ARV saa ileile kila siku. Neno ufuasi kliniki za CTC zinalijua kuliko hospitali nyingi za dunia. Yule mama mshauri mwenye daftari, anayejua kwamba fulani hakuja kwa sababu nauli imeisha na fulani kwa sababu mume hajui, ujuzi ule ndio unaohitajika. Dawa zao zinapandisha kinga, hizi zinaishusha, lakini saa ni ileile, foleni ni ileile, na sababu za mtu kuacha ni zilezile. Hata kotrimoksazoli mtaikuta, ile Septrin yetu, inawakinga na nimonia ya aina moja. Siku tutakapopandikiza moyo hapa, mimi sitauliza nani atashona. Watashona. Nitauliza nani atapima takrolimusi siku ya Jumapili, na dawa ikiisha stoo mwezi wa sita nani atajua wiki mbili kabla.

Mtu ameniandikia kikaratasi, anauliza habari ya moyo wa nguruwe. Nimesikia mguno, haya. Ni kweli, Baltimore, Januari 2022, David Bennett aliwekewa moyo wa nguruwe aliyebadilishwa vinasaba kumi, baadhi kumfuta alama za nguruwe, baadhi kumpa alama za binadamu. Yaani walijaribu kughushi kitambulisho. Aliishi miezi miwili. Moyoni mwake kukakutwa virusi vya nguruwe. Anayetaka kujua halali na haramu amwone sheikh wake. Kwa upande wa kinga, jibu ni bado.

Sasa zile pakiti. Zifungueni. Hesabuni zilizobaki, mwandike kwenye karatasi idadi, na sababu. Usiandike “nilisahau”. Andika ulikuwa wapi saa mbili usiku: kwenye daladala, kanisani, umelala, mechi. Karatasi zitarudi kwa waliotoa sababu zinazofanana, mkae pamoja nusu saa mtafute dawa ya sababu hiyo, kisha mtakuja kuwasomea wazee hawa, nao watawaambia kama mnaota.

Na nyie ambao zimebaki nne au tano, nawaona mnazimenya. Acheni. Dozi iliyokupita huifidii kwa kumeza mbili. Leo usiku saa mbili, moja tu.